Barua kwa mwanangu aliyeko Kraków, Poland

Mwanangu mpendwa,

Marahaba, na huku nyumbani wote hatujambo. Umeniuliza kwa nini tarehe 11 Novemba, sikukuu yao ya uhuru, kanisani kulijaa bendera utadhani uwanja wa taifa, na inakuwaje mwenzako wa chumba, anayesema wazi kwamba haamini, anajiandaa kwenda Misa ya usiku wa Noeli na wala haoni ajabu. Umemuuliza mwalimu wa historia mstaafu, kwa hiyo vumilia.

Mtawala wao Mieszko alibatizwa mwaka 966, na hapo ndipo Wapolandi huanza kuhesabu historia ya nchi yao. Lakini ubatizo peke yake hauelezi bendera. Mataifa mengi yalibatizwa. Kilichowatofautisha ni kupoteza nchi. Mwaka 1772, kisha 1793, kisha 1795, Urusi, Prussia (ufalme wa Wajerumani) na Austria ziliigawana Poland mpaka ikafutika kwenye ramani, na haikurudi hadi 1918. Hesabu mwenyewe: miaka 123. Huna serikali, huna jeshi, na sehemu kubwa ya nchi shule zinafundisha kwa lugha ya mtawala. Mahali palipobaki pa kukutana na wenzako na kusali kwa lugha ya mama yako ni parokia. Tena Warusi walikuwa Waorthodoksi, na Waprussia wengi walikuwa Waluteri, kwa hiyo kuwa Mkatoliki kulitosha kuonyesha kwamba wewe si wao. Austria walikuwa Wakatoliki wenzao, ndiyo maana huko Kraków ulipo dini haikuwa mpaka mkali kama kwingine. Upande wa Prussia, katika mji wa Września mwaka 1901, watoto walichapwa viboko shuleni kwa kukataa kusoma dini kwa Kijerumani, na wazazi waliokuja juu wakafungwa. Ukishachapwa kwa sababu ya Baba Yetu, sala hiyo haitakuwa tena ya kanisani tu.

Ule wimbo uliousikia mwisho wa Misa, watu wote wamesimama, una historia ya kuchekesha kidogo. Ulitungwa mwaka 1816 kumwombea mema mfalme wao, ambaye alikuwa ni huyo huyo mfalme wa Urusi! Baadaye watu wakaugeuza: wakamwomba Mungu awarudishie nchi huru. Nchi iliporudi, wakaimba aibariki. Wakomunisti walipotawala, wengi wakarudia kuimba “uturudishie” kanisani, na kila aliyesikia alielewa.

Enzi hizo za ukomunisti ndizo zilizokaza fundo. Kardinali Wyszyński, mkuu wa Kanisa Katoliki la Poland, alizuiliwa na serikali kuanzia Septemba 1953 hadi Oktoba 1956. Mwaka 1966, walipoadhimisha miaka elfu moja ya ubatizo, nakala ya picha ya Mama Maria wa Częstochowa ilikuwa inazungushwa parokia kwa parokia. Serikali ikaikamata na kuirudisha kwenye monasteri ya Jasna Góra, isitoke tena. Unajua walifanyaje? Waliendelea kuzungusha fremu tupu, na watu walipiga magoti mbele yake vilevile, kwa miaka. Mimi sijapata kusoma maandamano yenye akili kuliko hayo. Panda tramu uende Nowa Huta, mji uliojengwa uwe wa wafanyakazi, bila kanisa. Mwaka 1960 watu walipambana na polisi wakilinda msalaba, na mwaka 1977 Kardinali Wojtyła akaweka wakfu kanisa pale pale Nowa Huta. Mwaka uliofuata akawa Papa Yohane Paulo wa Pili. Sisi Watanzania, alipotutembelea Septemba 1990, tulimpokea Papa. Wao, alipokwenda Juni 1979, walipokea pia ushahidi kwamba wapo wengi kuliko serikali ilivyodai, na mwaka mmoja baadaye wafanyakazi wa kiwanda cha meli cha mji wa Gdańsk waligoma huku picha yake ikiwa imetundikwa getini.

Hata hivyo, ukimsikia mtu anakwambia Mpolandi ni Mkatoliki na basi, usikubali haraka. Kabla ya vita ya 1939, raia mmoja katika kila watatu hivi hakuwa Mkatoliki wa Kirumi. Wayahudi peke yao walizidi milioni tatu. Wanazi waliwaua karibu wote. Kisha mipaka ikasogezwa, Waukraine na Wabelarusi wengi wakabaki upande wa Umoja wa Kisovieti, Wajerumani wakafukuzwa. Nchi ya dini moja unayoiona leo imetokana na Hitler na Stalin kuliko Mieszko. Jerzy Buzek, aliyekuwa Waziri Mkuu kuanzia 1997 hadi 2001, ni Mluteri, na Adam Małysz, yule bingwa wao wa kuruka kwa skii, naye vilevile. Kule Kruszyniany na Bohoniki kuna misikiti ya mbao ya Watatari, Waislamu waliopewa ardhi na mfalme mwaka 1679 kwa kuipigania Poland.

Na hapa kwetu Tengeru unayajua makaburi ya Wapolandi, wakimbizi waliokuja wakati wa vita baada ya kupelekwa Siberia na Kazakhstan. Misalaba ndiyo mingi, lakini Wayahudi nao wamezikwa humo. Wote walikuwa Wapolandi.

Huyo mwenzako wa chumba ana wengi wa aina yake. Sensa ya 2021 iliandika Wakatoliki asilimia 71, kutoka karibu 88 mwaka 2011, na wengi hawakujibu swali hilo. Baada ya hukumu ya mahakama ya Oktoba 2020 iliyobana zaidi utoaji mimba, vijana waliandamana hadi milangoni mwa makanisa. Maoni yangu ni kwamba kanisa lililozoea kuwa upande wa wanyonge halikujiandaa kuonekana upande wa wenye nguvu. Padri wetu hakubaliani nami.

Amekualika kwao kwa mlo wa mkesha wa Noeli, nenda. Usile mchana, wanasubiri nyota ya kwanza, na sahani ni kumi na mbili, hazina nyama. Watakupa mkate mwembamba kama hostia, ila haujawekwa wakfu: mega kipande cha mwenzako, naye amege chako, huku mnatakiana heri. Utakuta kiti kimoja hakina mtu. Ni cha mgeni asiyetarajiwa, usikikalie. Na bibi wa nyumba hiyo mpelekee kahawa ya Kilimanjaro, ile pakiti ambayo hujaifungua.

Baba yako