Tunakutana Mei, ila anayepika hakai barazani

Ndugu Mshauri, pamoja na wasomaji wenzetu mlio ughaibuni,

Salaam nyingi. Sisi ni familia kumi na moja za watu waliosoma pamoja Tanga, na sasa tumetawanyika Uingereza kuanzia Luton hadi Leeds. Tukihesabu vichwa tunapata wakubwa 26 na watoto 19. Leicester tumeichagua kwa sababu iko kwenye barabara kuu ya M1, na wa Leeds, ambao ndio wa mbali zaidi, wanafika kwa kama saa mbili. Kukutana bustanini tumekubaliana. Tunachogombania ni chungu.

Tarehe kwanza, maana ndiyo inayobeba mengine. Wengi walitaka wikiendi ya tarehe 23 na 24 Mei 2026, kwa kuwa Jumatatu ya tarehe 25 ni sikukuu na shule zinaanza likizo fupi. Lakini Mfungo Tatu, mwezi wa Hija, unatarajiwa kuandama tarehe 18 au hapo karibu, na Idi Kubwa kuwa kama tarehe 27. Baadhi yetu hufunga zile siku tisa za mwanzo. Utawaalikaje watu kwenye sinia la pilau saa nane mchana, wakati magharibi ya huku mwishoni mwa Mei inaingia saa tatu usiku? Kwa hiyo tumeshika Jumapili tarehe 3 Mei. Jumatatu yake ni sikukuu, wa mbali watapumzika. Hasara yake ni baridi: jua linawaka na miti imechanua, lakini ardhi bado ina unyevu wa masika yao. Mkeka ukitandikwa moja kwa moja juu ya nyasi, baada ya nusu saa nguo zimelowa. Lazima turubai la nailoni litangulie chini, halafu blanketi kuukuu, mkeka uje juu.

Sasa pilau. Upande mmoja wanasema kila familia ije na chakula chake, tuchanganye hapo. Tunaliogopa hilo kwa sababu mbili. Moja ni ndogo: bila kupangiana, zinakuja beseni saba za chapati na kachumbari hakuna. Ya pili ni hatari. Wali uliopikwa Leeds alfajiri, ukasafiri ndani ya buti la gari na kuliwa saa nane, umekaa kwenye uvuguvugu kwa muda mrefu mno. Vijidudu vya mchele vina mbegu zisizokufa kwa kuchemshwa. Wali ukipoa polepole vinaamka na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki hata ukiupasha moto tena. Kanuni ya chakula ya huku inataka chakula cha moto kibaki nyuzi 63 za Selsiasi au zaidi. Kikishuka hapo, kisizidi saa mbili mezani. Kwa hiyo tunapendekeza wa mbali walete visivyoharibika: mahamri, visheti, kashata, achari, tende, ukwaju wa kukamulia juisi. Wali upikwe Leicester, dakika kumi na tano kutoka bustanini.

Hesabu yetu ni hii: mchele wa basmati kilo nne na nusu, nyama ya mbuzi yenye mifupa kilo tano, viazi kilo mbili, vitunguu maji karibu kilo mbili, thomu na tangawizi gramu 150 kila kimoja, bizari nyembamba gramu 60, na mafuta kama nusu lita. Iliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga kila mpishi ana mkono wake, hapo hatuingilii.

Kazi iko kwenye sufuria. Kwa Tanga ungetafuta sufuria moja kubwa, mafiga matatu, na makaa ya kupalia juu ya mfuniko. Jiko la umeme la nyumbani sahani yake kubwa ina kipenyo cha kama sentimita 21. Sufuria la lita thelathini likikaa hapo, katikati panashika ukoko mweusi huku pembeni mchele bado unakwaruza meno. Mtu akijaribu kuokoa kwa kuongeza maji na kukoroga, anapata bokoboko. Dawa tuliyoiona ni kugawa sufuria tatu, kila moja kilo moja na nusu ya mchele uliorowekwa nusu saa, na supu lita mbili na robo. Maji yakianza kukauka, mbili zinahamishiwa kwenye trei za bati zenye kina, zinafunikwa kwa karatasi ya fedha bila kuacha tundu, na kuingia ovenini nyuzi 150 kwa dakika 35. Hiyo ndiyo palio yetu. Ya tatu inabaki jikoni kwa moto mdogo kabisa, chini yake tawa la chapati ili joto lisambae. Nyama inachemshwa Jumamosi na kupozwa haraka kwenye vyombo vifupi, kisha friji. Vitunguu navyo vinakaangwa Jumamosi mpaka viwe hudhurungi, maana ndivyo vinavyotoa rangi. Usiku huo nyumba itanuka mpaka kwa jirani, avumilie. Jumapili unabaki mchele tu.

Kubeba tumekwishajua: lile sanduku la vinywaji baridi hushika moto vilevile. Limwagiwe maji ya kuchemka dakika kumi, yamwagwe, trei ziingie, zizungushiwe taulo.

Wanaume wetu wanataka mishikaki bustanini. Manispaa nyingi zinakataza moto kwenye bustani zake, na hata zinaporuhusu, yale majiko ya bati ya kutupa kwa kawaida hayaruhusiwi kuwekwa juu ya nyasi. Kuichoma nyumbani na kuibeba ni kula mpira. Tumeshauri iachwe, hawajakubali.

Watoto hatuna wasiwasi nao sana. Kiswahili chao ni cha kuokoteza, lakini rede na kombolela hazihitaji sarufi. Wenye mzio wa chavua wanywe dawa asubuhi, kwani huu ni msimu wa chavua ya miti. Na wakitoka kwenye nyasi ndefu wakaguliwe kupe, nyuma ya magoti na kwenye nywele.

Tunachowaomba ni haya. Je, kuna aliyewahi kupika kiasi hiki kwenye jiko la nyumbani kwa namna ambayo mpishi naye akaketi? Hata kwa mpango huu, watu wanne watakuwa jikoni tangu saa tatu asubuhi, wapakue, wakusanye masinia, na itakapofika saa kumi na moja wenzao wanaanza kuwasha magari. Wanne hao kila mara ni walewale, na ni wanawake.

La pili ni zito zaidi. Mchango ni pauni 10 kwa mkubwa na 4 kwa mtoto aliyevuka miaka mitano. Mwenzetu mmoja amepunguziwa saa za kazi, na tangu mchango utangazwe amenyamaza kwenye kundi la simu. Wengine wanasema asamehewe kimyakimya, ila tunamjua, hatakuja kula cha bure. Wengine wanasema atoe nguvu badala ya pesa. Lakini nguvu yenyewe ni ya jikoni, na yeye ndiye tuliyetaka akae mkekani tuzungumze naye. Tumwambie nini, na nani amwambie?

Wenu,
Kamati ya Pilau, Leicester