Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Halmashauri yetu: mtoto wa mbwa asirudishwe bila sindano

Ndugu Mkurugenzi,

Salamu kutoka huku mwisho wa barabara. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na nyumbani kwangu nina mbwa wawili na paka mmoja. Mbwa mkubwa anaitwa Tutabanana, jina alilompa marehemu baba mwaka aliogombana na jirani kuhusu mpaka. Usiku mbwa wanalinda mihogo, maana nguruwe pori hawana habari na hati ya shamba, na paka analinda gunia la mahindi. Sisi huku tulio wengi ni Waislamu. Mbwa haingii ndani na mate yake tunayaepuka. Lakini usidhani kwamba hatuwajali. Tunawahitaji sana.

Nakuandikia kuhusu zoezi la chanjo ya kichaa cha mbwa lililofanyika kwenye kata yetu Septemba iliyopita, wiki ya Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Nilikuwepo. Niliomba ruhusa kwa mwalimu mkuu, kwa sababu zoezi liliwekwa Jumatano, ofisi ya kata, saa tatu asubuhi hadi saa saba mchana. Tangazo lilibandikwa ukutani siku mbili kabla, kwenye ukuta wa ofisi hiyohiyo ya kata. Aliyelisoma ni aliyekuwa na shida nyingine pale.

Mbwa walikuja wachache. Wengine walivutwa kwa kamba za katani, mmoja kwa mnyororo wa baiskeli. Bwana mifugo alikuwa na kibebeo cha chanjo, meza ya kuazima na daftari, akachanja kwa mkono mwepesi hata mbwa wengine hawakujua wamechomwa. Sina neno naye. Alikuwa anafanya alivyoagizwa.

Karibu na saa sita akatokea mtoto wa darasa la nne. Kwa haki alipaswa kuwa darasani, na mwalimu wake nilikuwa palepale namtazama. Kichwani alikuwa amebeba ndoo ya lita kumi iliyofunikwa kanga. Alipoitua na kuifunua, ndani mlikuwa na mtoto wa mbwa wa rangi ya udongo, umri wake kama wiki nane hivi, mkia unagonga ubavu wa ndoo kama mtu anayebisha hodi. Bwana mifugo akamwinua, akamtazama meno, akamrudisha.

"Huyu bado. Mlete akitimiza miezi mitatu."

Mtoto akauliza: "Nimlete wapi?"

Hakuna aliyemjibu, Ndugu Mkurugenzi. Jibu la kweli lilikuwa Septemba ijayo, na hilo hakuna aliyependa kulitamka. Alilipa shilingi 2,000 za chanjo? Hapana, hakulipa kitu, kwa sababu hakuchanjiwa. Ila waliochanjiwa walilipa 2,000 kwa kila mbwa, na niliona mama mmoja akichagua yupi kati ya mbwa wake watatu apate.

Mwezi wa tatu mbwa yule wa kwenye ndoo, sasa amekwisha refuka miguu, aliacha kula. Taya la chini likalegea, udenda ukawa unachuruzika, sauti ikabadilika kama ya mbwa aliyekabwa. Babu yake yule mtoto akaona ni mfupa umemkwama kooni. Akaketi kwenye kigoda, akambana mbwa kati ya magoti, akaingiza vidole mpaka koromeo kuutafuta mfupa. Hapakuwa na mfupa. Hivi ndivyo kichaa kinavyokuja mara nyingi: si kwa mbwa anayekimbia njia nzima akiuma watu, bali kwa mbwa mpole aliyepooza taya, anayeonewa huruma na mwenye nyumba.

Bahati njema bwana mifugo alikuwa anapita na pikipiki. Alipoona lile taya alimwamuru mzee akanawe mkono kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, akasimama kuzihesabu yeye mwenyewe. Jirani alikuwa tayari ameleta pilipili na mafuta ya taa ya kumpaka. Mbwa alikufa siku ya tatu. Mzee alikwenda hospitali ya kwanza akaambiwa chanjo imekwisha, akapanda basi hadi mji mwingine, akapata. Dozi moja ilikuwa shilingi 30,000, na si dozi moja. Mbuzi jike mwenye mimba aliuzwa. Mzee yu hai, alhamdulillahi, ila kila akiumwa kichwa nyumba nzima inanyamaza.

Unajua kwa nini inanyamaza. Virusi vya kichaa cha mbwa husafiri taratibu kwenye mishipa ya fahamu kuelekea ubongoni. Huchukua kwa kawaida miezi miwili au mitatu, wakati mwingine wiki chache, wakati mwingine mwaka. Katika muda huo chanjo humwokoa mtu. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Duniani watu wapatao 59,000 hufa kila mwaka kwa ugonjwa huu, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, na kati ya watu kumi wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa, wanne ni watoto wa chini ya miaka 15. Hao ndio ninaowaita majina kila asubuhi.

Sasa nije kwenye ile miezi mitatu. Kanuni hiyo haikutoka hewani. Mbwa jike aliyechanjwa huwapa watoto wake kinga katika maziwa ya mwanzo, na kinga hiyo ya kuazima inaweza kuizuia chanjo isishike vizuri. Kwa sababu hiyohiyo, mtu wa mjini anayempeleka mbwa wake kwa daktari wa mifugo kwa chanjo ya distempa na pavo, magonjwa mengine ya virusi yanayoua mbwa, huambiwa aanze wiki ya sita au ya nane, arudie kila baada ya wiki tatu au nne hadi wiki ya 16, kwani hakuna ajuaye hasa siku ambayo kinga ya mama itaisha. Mwenye uwezo wa kurudi mara tatu, hewala.

Lakini kwetu mama mwenyewe hajawahi kuchomwa sindano. Ni kinga gani atakayompa mwanawe? Na hata walipochunguzwa watoto wa mbwa wa chini ya miezi mitatu, Afrika kwetu hukuhuku, wengi mno walionekana kujenga kinga ya kutosha baada ya sindano moja. Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba katika kampeni za kuchanja mbwa wote, watoto wa mbwa wasiachwe. Sindano isiyoshika sawasawa ni hasara ndogo. Mtoto wa mbwa aliyerudishwa ni mbwa mzima asiye na kinga kwa miezi 12, na ndiye huyo anayechezewa na watoto, kubebwa, na kuwalamba usoni.

Wataalamu husema ukichanja mbwa 70 katika kila 100 kwa mkupuo mmoja, ugonjwa hukosa pa kupita. Mbwa mmoja mwenye kichaa kwa wastani haambukizi hata mbwa wawili, kwa hiyo mnyororo wake ni rahisi kukatika kuliko wa surua. Zile 70 zimewekwa juu makusudi, kwa sababu mbwa wetu hawaishi miaka mingi: wanakufa, wanazaliwa wengine, na mwaka ukiisha idadi ya wenye kinga imeshuka. Ukiwatoa watoto wa mbwa kwenye hesabu tangu mwanzo, unajenga ukuta wenye mlango.

Usione ninasema ya mbali. Tazama Pemba, hapo ng'ambo ya maji. Walianza kuchanja mwaka 2010 kwa kusuasua, mbwa wakaendelea kuugua. Walipofika vijiji vyote kichaa kilitoweka, mwaka 2014. Kikaletwa tena kutoka bara mwaka 2016, wakachanja upya kisiwa kizima, na kufikia mwisho wa 2018 kilikuwa kimekatika. Kisiwa kina mipaka ya bahari na sisi hatuna, najua utanijibu hivyo. Ila somo la Pemba silo bahari. Ni kwamba shehia chache, yaani vijiji vya huko, zilizoachwa zilitosha kuuhifadhi ugonjwa.

Kuna jambo sipendi kulisema lakini nitalisema. Kila mara mtu akiumwa, tunaletewa mgambo wenye bunduki kuua mbwa wazururao. Mwaka juzi walimpiga mbwa mwenye kadi ya chanjo, yuko nje ya ua wa mwenyewe hatua kumi. Hao mbwa koko mnaowaona barabarani wengi wana kwao. Wanazurura kwa sababu hakuna anayefunga mbwa mchana kutwa huku. Ukiua aliyechanjwa umetupa sindano yako mwenyewe, na nafasi yake itajazwa na mtoto wa mbwa mwingine kabla mvua haijaisha. Baada ya lile tukio, watu walianza kuwaficha mbwa wao wakiona gari la Halmashauri. Hata lililoleta chanjo.

Na paka? Katika lile daftari sikuona safu ya paka. Paka wa kwetu anaingia ndani, analala mkekani na watoto, na akiumwa na mbwa mwenye kichaa anakipata na anakitoa. Bwana mifugo alipoulizwa alisema chanjo ni ileile, sindano ni ileile, ila "hakuagizwa." Wangu nilimpeleka duka la dawa za mifugo la mjini ndani ya kapu la ukili, nimelifunga kwa leso, kondakta alinitoza nauli ya kuku.

Magonjwa mengine nitayagusa tu. Pavo hufagia uzao mzima wa mbwa kwa kuharisha damu, na virusi vyake hukaa kwenye udongo mwaka na zaidi, hivyo anayeleta wengine palepale anazika tena. Distempa iliwaua simba wapatao 1,000 wa Serengeti mwaka 1994, karibu theluthi moja yao, na vidole vilielekezwa kwa mbwa wa vijijini. Wanaopenda pesa za watalii wangefaa wapende na mbwa wetu kidogo. Leptospirosi, ile tuliyoijua kwa jina la homa ya mgunda ilipoua watu Lindi mwaka 2022, mbwa naye anaweza kuibeba. Chanjo za haya zipo, na siombi Halmashauri izigawe bure. Ningefurahi tu kama zingepatikana kwenye kata, bei ikiwa imebandikwa.

Ninachoomba kwako ni cha Septemba hii. Zoezi liwe Jumamosi, kwa sababu wanaoleta mbwa ni watoto. Lifanyike kila kitongoji, hata kwa saa mbili mbili, chini ya mwembe, maana hakuna mtu atakayemvuta mbwa kilomita saba juani huku akigombana na mbwa wa kila kijiji anachopita. Barafu isiwe kisingizio: chanjo iliyojaribiwa hapahapa Tanzania ilionekana kubaki na nguvu baada ya kukaa miezi mitatu kwenye nyuzijoto 30. Wiki moja kabla, tupe tangazo msikitini, kanisani na shuleni. La shule niachie mimi, nitaliandika ubaoni na wote 400 watalifikisha. Ile 2,000 iondolewe. Kama haiwezekani, basi mwenye mbwa watatu asilipie zaidi ya mmoja. Paka waandikwe. Na bwana mifugo apewe maelekezo kwa maandishi kwamba kila mbwa aliyeletwa anachanjwa, awe ametembea kwa miguu yake au amekuja ndani ya ndoo.

Mama wa yule wa kwenye ndoo amezaa tena wiki iliyopita, watano, chini ya ghala la babu. Nimekwenda kuwaona, macho bado yamefumba. Nimepiga hesabu: mwisho wa Septemba watakuwa na wiki kumi.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu, mfugaji wa mbwa wawili na paka mmoja