Harambee ya Chumba Chenye Mlango

Kwa wazazi, waliosoma hapa zamani, majirani zetu wa Kisauni na kila mwenye mapenzi mema,

Mwaka jana, muhula wa pili, mvulana wa kidato cha pili alikutwa na kisu mkobani. Jina simtaji, na mambo mawili matatu nimeyabadilisha asijulikane. Mkutano wa dharura ukaitwa siku ile ile. Mzee mmoja akasimama: "Huyu dawa yake viboko, kisha aende zake." Viboko vilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka 2001, lakini kwenye mikutano yetu havijawahi kukosa wakili.

Nikapewa siku tatu nimsikilize. Nilimkalisha chini ya mwarobaini, maana ofisi ya ushauri nasaha hatuna. Tuna stoo ya ramani na viti vilivyovunjika. Hakutoa neno. Kengele ilipolia wenzake wakapita, mmoja akapiga mluzi. Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya tatu nikamwomba anisaidie kubeba vitabu hadi stoo, nikaukaza mlango kwa tofali. Hapo ndipo alipoanza kusema, kanipa mgongo, akipanga vitabu vilivyokwisha kupangwa.

Baba aliondoka Machi. Mama akarudi kwao na mdogo wake, yeye akaachwa kwa shangazi, watu saba chumba kimoja. Chakula cha jioni majaliwa, usingizi wa mang'amung'amu. Vijana wa maskani wakamwita, wakamnunulia chapati na maharagwe, baadaye wakamwonjesha muguka, majani ya kutafuna jamii ya miraa. Kisu ni cha kupitia uchochoroni wakati wa magharibi. "Mwalimu," akaniambia, "wale ndio walioniuliza kama nimekula."

Mtafiti wa Uingereza, Michael Rutter, aliwahi kuihesabu mizigo ya namna hii kwa watoto wa Kisiwa cha Wight na London: ugomvi mkali wa wazazi, umaskini, msongamano nyumbani, baba mwenye rekodi ya uhalifu, mama mgonjwa wa akili, mtoto kuondolewa kwao. Aliyekuwa na mzigo mmoja tu hakuwa hatarini kupata matatizo ya akili kumshinda asiye na wowote. Ikifika miwili, hatari ilipanda kama mara nne. Kwa hiyo tunapouliza "kosa ni la nani, baba au muguka?" tunauliza vibaya. Mtoto wetu alikuwa na minne, na sisi tuliuona wa tano tu, kile kisu.

Huko Hawaii nako, kisiwani Kauai, Emmy Werner na wenzake waliwafuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955 hadi utu uzima. Miongoni mwa waliokulia kwenye mizigo mingi, thuluthi moja hivi walikua watu wa kujitegemea, wenye kazi na familia. Jambo lililojirudia katika maisha yao ni mtu mzima mmoja, angalau mmoja, aliyewashika asiwaachie. Kwa wengine alikuwa bibi, kwa wengine mwalimu au jirani.

Baba wa yule kijana hatuwezi kumrudisha. Nyumba ya shangazi hatuwezi kuipanua. Muguka nao, kaunti ya Mombasa iliupiga marufuku Mei 2024, mahakama ikasimamisha, na vibandani ungali upo. Lakini mtu wa kuuliza "umekula?" tunaweza kumweka.

Yule kijana hakufukuzwa. Mwalimu wa michezo alimkabidhi ufunguo wa stoo ya mipira, na sasa saa kumi na mbili na nusu asubuhi yuko getini. Malaika hajawa, juzi amepigana tena. Ila safari hii alikuja mwenyewe kunieleza, nami nilikuwa darasani. Nina vipindi 26 kwa wiki, na ushauri nasaha naufanya wakati wa mapumziko ya chai. Na huyo ni mvulana, kisu chake kilionekana. Msichana hunyamaza, alama zikashuka, asile, na hakuna anayeitisha mkutano.

Ndiyo maana tunawaita. Chumba kidogo nyuma ya maktaba, chenye mlango na dirisha la juu, fundi amekadiria shilingi 480,000. Mshauri aliyesomea kazi hiyo, siku tatu kwa wiki, ni shilingi 35,000 kwa mwezi. Kwa miaka miwili ni 840,000. Mafunzo ya walimu sita na wazazi sita wa mtaani, 90,000. Jumla ni shilingi 1,410,000. Wazazi wameshachanga 212,000, wengine kwa hamsini hamsini, kwa hiyo tumebakisha 1,198,000.

Harambee ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi ujao, saa nne asubuhi, uwanjani kwetu. Namba ya paybill imo kwenye kadi. Atakayelipa mkononi amwone mhazini na asiondoke bila risiti. Kadi zirudi Jumatano kabla ya siku yenyewe, hata zikiwa tupu, tusije tukazitafuta. Hotuba za wanasiasa, dakika tano kila mmoja, na kamati imekubaliana kuzima kipaza sauti.

Vitu pia tunapokea: mabati, saruji, zulia, viti viwili vinavyolingana urefu ili asiwepo wa kumtazama mwenzake kutoka juu. Na kama una mlango wa mbao uliobaki kwenye ujenzi wako, usiuchome kuni. Tutaufuata kwa mkokoteni.

Mwalimu wa ushauri nasaha, kwa niaba ya kamati ya harambee