Mahojiano ya uhamiaji yabaki chumbani

Mhariri,

Tamthilia ya mahojiano ya uhamiaji yenye watu watatu (ofisa, mume na mke), meza moja na pasipoti mbili haina gharama jukwaani. Kwenu mnaoihamishia kwenye filamu, kishawishi ni kuipanua: ndege inatua, droni inapita juu ya ziwa, mama analia nyumbani Kirumba, Mwanza. Hofu yote huvujia huko. Anayehojiwa haoni nje, basi na mtazamaji asione.

Ofisa anayefoka na kugonga meza naye mwacheni kwenye vichekesho. Tuchukue mfano wa Marekani. Mgeni anapofika, kwanza ni dirishani, maswali machache. Mwenye utata hupelekwa chumba cha pili, na humo mgeni hana haki ya wakili isipokuwa akichunguzwa kwa jinai. Kuthibitisha kwamba anastahili kuingia ni kazi yake, si ya ofisa. Akiandikiwa maelezo ya kiapo, husomewa na kutia saini kila ukurasa. Akiondolewa kwa amri ya papo hapo, utaratibu uliowekwa kwa sheria ya mwaka 1996, kwa kawaida huzuiwa kuingia tena nchini humo kwa miaka 5. Kwa hiyo mwandishi hahitaji makelele: ofisa arudie swali la dakika kumi zilizopita, kwa upole, na mume na mke waliotenganishwa wataje tarehe mbili za harusi.

Sasa kamera. Umeme wetu ni wa hezi 50, yaani hujirudia mara 50 kwa sekunde. Tumieni fremu (picha) 25 kwa sekunde na shata, yaani muda wa kila fremu kupokea mwanga, ya 1/50 ya sekunde. Mkiweka 1/60, taa za tyubu zitachezacheza kwenye picha, na kosa hilo halisafishiki kirahisi. Anzeni na uso wa anayehojiwa, onyesho zima bila kukata, ofisa akiuliza kutoka nje ya picha. Ofisa apigwe baadaye. Yeye akichoka si neno. Kamera isivuke mstari unaounganisha macho yao, la sivyo wote wawili wataonekana wanatazama upande mmoja. Waigizaji waliozoea kumfikia mtu wa kiti cha nyuma washushe sauti, maana maiki iko kifuani. Rekodini pia dakika nzima ya chumba kikiwa kimya, ya kuzibia maungio ya sauti wakati wa kuhariri. Chini ya paa la bati mvua ikianza, simamisheni.

Kibali cha Bodi ya Filamu Tanzania kitangulie, kwa Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya 1976. Sare na nembo za ofisa, bunini zenu wenyewe.

Wapenzi wa maigizo,
Ilemela, Mwanza