Ubatizo wa wodini si wa kurudiwa

Mhariri,

Bado kuna Wakatoliki wengi wanaoamini kwamba mtoto aliyebatizwa wodini na muuguzi au bibi yake amepewa ubatizo wa muda tu, na kwamba akipona sharti padre aurudie. Si kweli. Imani hiyo huwafanya baadhi ya wazazi wamsubiri padre mpaka mtoto anakata roho, na huwafanya wengine waombe mtoto abatizwe mara ya pili, jambo ambalo Kanisa halina.

Kanuni ya 861 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 inaruhusu mtu yeyote mwenye nia sahihi kubatiza panapokuwa na dharura. Yeyote: mlei (Mkristo wa kawaida asiye padre), mwanamke, hata asiyebatizwa mwenyewe, ilimradi akusudie kufanya kile Kanisa linachofanya. Charles Lwanga, mmoja wa mashahidi wa Uganda, alikuwa mlei, tena Mkristo wa miezi michache tu tangu Novemba 1885, alipowabatiza Kizito, Gyavira, Mugagga na Mbaga Tuzinde kule Munyonyo usiku wa kuamkia tarehe 26 Mei 1886. Walikuwa wanajua hasira ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, itawaangukia asubuhi, na padre hakuwapo.

Kinachotakiwa ni maji halisi na maneno. Maji ya bomba, kisima, mvua au chupa yanafaa, na wakati wa hatari hayahitaji kubarikiwa kwanza. Maziwa, soda na mafuta havifai. Mimina juu ya kichwa yaguse ngozi na yatiririke, huku wewe mwenyewe unayemimina ukisema: "(Jina), nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Desturi ni kumimina mara tatu, lakini mara moja yatosha kwa uhalali. Kikombe kizima hakihitajiki. Kwa mtoto njiti aliye kwenye kifaa cha joto, mwombe muuguzi maji safi ya uvuguvugu kwenye bomba la sindano lisilo na sindano, kisha yatiririshe kidogo kwenye paji la uso. Mishumaa, nguo nyeupe na wasimamizi vitasubiri.

Makosa ninayoyasikia yanajirudia. Mmoja anamimina na mwingine anasema maneno: huo si ubatizo. Mtu anachovya kidole na kuchora msalaba kwenye paji la uso: maji hayakutiririka, kwa hiyo shaka inabaki. Maji yanaishia kwenye kofia ya sufi au juu ya nywele nzito: shaka ileile. Kosa jingine ni kusema "tunakubatiza" ili familia nzima ishiriki. Mwaka 2020 Vatikani ilitamka kuwa ubatizo wa namna hiyo ni batili, na huko Marekani watu walibatizwa upya kwa sababu hiyo, akiwemo padre mmoja wa Detroit ambaye ilibidi apewe tena hata upadre. Maiti haibatizwi. Lakini kama huna hakika kwamba mtoto ameshakufa, anza na maneno "Kama u hai, nakubatiza..." na uendelee.

Kuhusu wokovu, watu hunukuu Yohana 3:5, kwamba asiyezaliwa kwa maji na Roho hawezi kuuingia ufalme wa Mungu, kana kwamba mlango umeshafungwa kwa kila aliyekufa bila maji. Katekisimu (namba 1257) inafundisha kwamba Mungu ameufungamanisha wokovu na sakramenti ya Ubatizo, lakini yeye mwenyewe hafungwi na sakramenti zake. Mukasa Kiriwawanvu alichomwa Namugongo tarehe 3 Juni 1886 akiwa bado mkatekumeni, yaani mwanafunzi wa dini asiyebatizwa, na leo ni mtakatifu pamoja na wenzake. Huo ndio ubatizo wa damu. Watoto waliofariki kabla ya kubatizwa Kanisa linawakabidhi kwa huruma ya Mungu. Anayemwambia mama aliyefiwa kwamba mwanawe amepotea hasemi mafundisho ya Kanisa.

Mgonjwa mtu mzima ni habari nyingine. Kwake ubatizo unaondoa dhambi ya asili, dhambi zote alizotenda na adhabu zake, bila kuungama kwanza. Lakini lazima awe ameonyesha kwa namna fulani kwamba anautaka, anajua kweli kuu za imani, anatubu na anaahidi kuzishika amri. Kumbatiza mzee asiyewahi kuutaka, kwa sababu tu watoto wake wanataka azikwe na padre, si kumsaidia. Kwa maoni yangu, hapa ndipo wanajumuiya wetu wanapokosea zaidi kuliko kwenye maji.

Semina za wazazi parokiani hutumia muda mwingi kwa michango na sare za wasimamizi. Nusu saa ya somo hili, kwa wazazi, wakunga na viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, ingefaa zaidi.

Mtoto akipona, apelekwe kanisani apakwe Krisma (mafuta matakatifu) na kukamilishiwa ibada zilizobaki, bila kumwagiwa maji tena. Aliyebatiza ampelekee paroko wa mahali hapo jina la mtoto, majina ya wazazi, tarehe, mahali na jina la shahidi, yaandikwe kwenye kitabu cha ubatizo. Wengi hawafanyi hivyo. Miaka ishirini na mitano baadaye kijana anataka kufunga ndoa, cheti hakuna, na watu wanaanza kuzungumzia ubatizo wa sharti ("kama hujabatizwa, nakubatiza..."), wakati kwa kanuni ya 876 ushuhuda wa mtu mmoja asiyetiliwa shaka, mathalani bibi aliyekuwapo wodini, unatosha pale ambapo hakuna anayedhurika.

Katekista,
Songea