Matundu kwenye Siga: Fukusi Aliingiaje, na Tunamtoaje

Kwenye duka letu la siga, zile sigara nene za majani ya tumbaku yaliyosokotwa, simu za namna hii huanza kuingia Februari, joto la Dar likiwa limepamba moto. "Kaka, siga zangu kama zimetobolewa na sindano." Wengine hawapigi simu. Wanakuja dukani na boksi kwapani, wanafungua kifuniko polepole kama mtu anayefunua sufuria ya mchuzi uliolala, halafu wanatukazia macho wasikie tutasema nini. Mzee mmoja alituambia waziwazi kwamba anamshuku kijana wa kazi.

Tunachowaambia kwanza ni hiki: usifungue kasha lingine lolote la kutunzia siga, na usipulize dawa. Hilo la dawa tunalisisitiza, maana mkono wa wengi huenda moja kwa moja kwenye kopo la kuulia mbu. Ukishapuliza, wadudu walio ndani ya majani hawajaguswa, lakini siga zote zimeshakunywa dawa na mbao za kasha nazo zimekunywa. Hapo hatuna msaada. Matundu yana tiba, dawa ya mbu haina.

Mhusika ni fukusi wa tumbaku, ambaye wataalamu humwita Lasioderma serricorne. Ana urefu wa milimita 2 hadi 3, rangi ya kahawia inayoelekea wekundu, na kichwa chake kimeinama kifuani hivi kwamba ukimtazama ubavuni utadhani ana kibiongo. Ukimgusa hukunja miguu akajifanya maiti. Tulishawahi kuona mteja akimpuliza mmoja mezani kwa furaha kwamba amekufa, na baada ya dakika moja maiti ikaruka.

Lakini huyo unayemwona akitembea siye aliyekula siga yako. Mkubwa karibu hali kitu. Anaishi wiki chache, anatafuta mwenza, na jike hutaga mayai yanayoweza kufika 100 kwenye mikunjo ya majani. Mharibifu ni mtoto wake, buu mweupe mwenye vinywele, asiyezidi milimita 4, anayechimba barabara ndani ya siga huku akila. Akishiba hujijengea kijumba humohumo, anageuka kuwa fukusi kamili, kisha anatoboa njia ya kutokea. Tundu uliloliona ni mlango wa kutokea, na maana yake ndani kazi ilishafanyika wiki kadhaa zilizopita. Siga zikiwa zimelala bega kwa bega, buu hupita kutoka moja hadi ya jirani bila hata kukanyaga nje. Karatasi ya nailoni iliyofungia siga haimzuii, anaitoboa pia.

Swali tunaloulizwa karibu kila mara: tumbaku si sumu? Wakulima wetu si huloweka majani yake wakanyunyizia wadudu shambani? Ni sumu kweli. Ila fukusi huyu anatembea na msaidizi. Tumboni mwake anaishi kuvu wa jamii ya hamira anayevunja nguvu za sumu na kumpa vitamini asizozipata kwenye jani. Ndiyo maana anakula vitu vingi vinavyowashinda wenzake. Kwenye kaburi la Tutankhamun kule Misri walikutwa fukusi wa aina hii, na enzi hizo tumbaku ilikuwa bado iko Amerika peke yake. Tumbaku ni chakula alichokikuta baadaye tu.

Jambo hilo lina maana kubwa jikoni kwako. Mwaka mmoja tuliitwa kwa mteja ambaye tulikuwa tumeshamgandishia siga zake mara mbili, na mara zote mbili fukusi walirudi. Tulianza kuona aibu. Tulipofika nyumbani kwake tukakuta kabati la siga limepakana ukuta na stoo ya jikoni, na ndani ya stoo kuna debe la giligilani kavu iliyonunuliwa kwa jumla kwa ajili ya shughuli ya harusi iliyokwishapita. Tulipofunua debe, tulikuta unga wa kahawia na fukusi wanatambaa. Mdudu ni yuleyule mmoja. Anakula binzari, tangawizi kavu, pilipili ya unga, bizari nyembamba, hata chakula cha mbwa. Wakubwa wanaruka, hasa jioni jua likizama, na kutoka debe hadi kabati kuna hatua nne tu. Mama mwenye nyumba alicheka hadi akakaa chini. Mzee hakucheka.

Hata hivyo, mara nyingi mdudu haingii kwako kwa kuruka. Anakuja na boksi. Yai lilitagwa kwenye jani huko ghalani, kabla siga haijasokotwa, na ni dogo mno kuonekana kwa macho. Viwanda vikubwa hugandisha siga kabla ya kuzisafirisha, kampuni ya Habanos ya Kuba ikiwemo, na hilo limepunguza sana balaa hili. Lakini siga aliyokununulia rafiki kwa msokotaji wa mtaani Havana haikupita kwenye friza ya mtu. Na hata iliyogandishwa inaweza kutagiwa mayai mapya kwenye duka au ghala lenye wadudu. Duka letu halina kinga ya pekee: miaka ya nyuma tuliwahi kuingiza boksi moja rafuni bila kuligandisha kwa kuwa lilikuwa "la kampuni kubwa", na tukachoma siga 60 nyuma ya duka. Tangu siku hiyo hakuna kinachopanda rafuni kabla ya kupita kwenye friza, kitoke popote kitokako.

Sasa hapa ndipo wateja wengi wa pwani wanapokosea. Wanahangaika na unyevu: wananunua vipimo viwili vitatu, wanabadilisha pakiti za unyevu, wanajivunia asilimia 69 isiyotikisika. Unyevu ni muhimu kwa jani, lakini kinachoangua mayai ni joto. Kwenye nyuzi 20 za Selsiasi fukusi huchukua siku 120 kutoka yai hadi kuwa mkubwa, na kwenye nyuzi 37 siku 26 zinamtosha. Chumba cha Dar mwezi Machi, kimefungwa mchana kutwa na kiyoyozi kimezimwa kwa kuwa mwenyewe yuko kazini, kiko katikati ya namba hizo, na kinaegemea upande mbaya. Ndiyo sababu wateja wetu wa Arusha wanaweza kukaa na wadudu kwenye kasha miezi kadhaa wasijue. Mteja akihamisha kasha hilohilo kuja Masaki, joto likipanda atatupigia.

Kwa hiyo tunapendekeza nyuzi 18 na unyevu wa asilimia 65 hivi. Kwenye 18 au chini ya hapo ukuaji wa mdudu unadorora, karibu unasimama. Kwa hali ya hewa yetu huwezi kufika huko kwa kasha la mbao lililowekwa juu ya meza sebuleni. Inabidi liwe kabati la umeme lenye kupoza, au chumba chenye kiyoyozi kisichozimwa. Umeme ukikatika, usifungue mlango kuangalia kama ndani bado kuna baridi. Kwa kuangalia hivyo ndivyo unavyoitoa.

Turudi kwenye tiba. Ni baridi kali, na kosa kubwa ni haraka. Usitoe siga kwenye kasha ukaitupa moja kwa moja kwenye friza: jani la nje litapasuka kama midomo wakati wa kipupwe. Weka siga, hata na boksi lake, ndani ya mfuko mzito wa zipu wa kuhifadhia vyakula, bonyeza hewa itoke, kisha uingize ndani ya mfuko wa pili. Ziache kwenye friji ya kawaida kwa siku nzima. Ndipo zihamie kwenye friza. Kwa friza iliyo kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri kweli, siku tatu zinaua mayai, mabuu na wakubwa. Tunasema "kweli" kwa sababu friza nyingi za nyumbani hazifiki huko, hasa zikiwa zimejaa samaki na zinafunguliwa kila saa. Na kile kichumba cha barafu kilicho ndani ya friji ya mlango mmoja usikitegemee kabisa. Weka kipimajoto ndani na ukisome kesho yake. Kama una shaka, ziache wiki nzima, siga haitadhurika. Boksi la siga 25 lina moyo mnene, na baridi huchelewa kuufikia.

Kurudi ni kwa njia ileile: friza, friji siku nzima, kisha mezani, mfuko ukiwa bado umefungwa. Mfuko utatoa jasho kwa nje. Acha utoe. Ukifungua mapema, jasho hilo litatua kwenye jani, na utakuwa umeondoa fukusi ukakaribisha ukungu.

Wapo wanaotuuliza kuhusu vidonge vya kufukiza vinavyotumika kwenye maghala ya mahindi. Usithubutu nyumbani. Gesi yake inaua watu waliolala, na kazi hiyo ni ya watu wenye mafunzo, mahali pasipolala mtu.

Wakati siga ziko friza, shughulikia kasha. Toa kila kitu, trei na vigawanyo, ufyonze pembe zote kwa mashine ya kufyonzea vumbi, kisha mfuko wa mashine uutoe nje ya nyumba siku hiyohiyo. Futa mbao kwa kitambaa kilicholoa kidogo maji yaliyotoneshwa kutokana na mvuke, yale ya betri za gari, yenyewe matupu bila tindikali. Usitumie sabuni, ubani wala udi. Siga hubeba kila harufu inayopita karibu nayo.

Na tuseme kidogo kuhusu mbao. Wengi wanaamini kwamba mwerezi unaojengea makasha haya unafukuza wadudu. Kwanza, huo unaoitwa mwerezi wa Hispania si mwerezi, wala hautoki Hispania. Ni Cedrela odorata, mti wa Amerika ya kitropiki, ndugu wa mkangazi. Hata kwetu upo: uliletwa kupandwa, na kwenye msitu wa Kimboza kule Morogoro umeenea hadi watu wa misitu wanauhesabu mvamizi. Harufu yake ni nzuri na unatunza unyevu vizuri. Kwa fukusi ambaye tayari yuko ndani ya jani, haufanyi lolote. Tumekuta matundu yanayotoka kwenye siga na kuingia kwenye kipande cha mbao kilichokuwa kimezitenganisha.

Zipi za kutupa? Chukua karatasi nyeupe, igonge siga taratibu kwa upande wa kuwashia. Ukidondoka unga wa kahawia laini kama kahawa iliyosagwa, huyo ni buu. Siga yenye tundu moja, ikishagandishwa, inavutika ukiziba tundu kwa kidole, ingawa haitakuwa na ladha uliyoinunulia. Yenye matatu au manne ni filimbi, itupe. Zile zisizo na tundu wala unga lakini zililala boksi moja na wagonjwa zote zigandishwe, hata ile moja unayoipenda ambayo "haina kitu". Ile hasa.

Baada ya hapo tunaweka mtego wa gundi wenye harufu ya jike. Mtego unawanasa madume peke yao, kwa hiyo usiutegemee kama tiba. Kazi yake ni kukupasha habari. Wiki sita bila hata mmoja, unaweza kulala. Akinaswa mmoja, kabla hujarudi kwenye siga nenda kaangalie stoo ya jikoni.

Kwa wasio na friza ya uhakika au wasio na subira, tunaifanya kazi hii dukani. Siga zinakaa nasi siku saba: moja ya friji, nne za friza iliyopimwa, moja ya friji tena, na moja mezani. Tunatoza kwa boksi, si kwa siga moja moja, na siga ulizonunua kwetu tunazigandisha bure hata kama zina miaka miwili. Kasha tunaweza kuja kulisafisha nyumbani, na tukija tutaomba kuona stoo, msituone wambeya. Kwa wenye umri chini ya miaka 18 hatuuzi wala hatupokei mzigo.

Ukija, leta siga zikiwa zimeshafungwa kwenye mifuko miwili, usizifungue njiani kumwonyesha dereva wa bodaboda, na ukiingia usiweke mfuko juu ya kaunta ya vioo. Kuna meza ndogo nje, upande wa kushoto wa mlango. Weka hapo, ugonge kengele, tutatoka.