Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama, 2024

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba ya chama chetu cha wanadiplomasia wa zamani nawasilisha taarifa ya mwaka 2024. Nianze na yale mnayoyajua tayari, niyapite haraka, kisha nije kwenye maneno yaliyozuka kuhusu hafla yetu ya Novemba.

Kamati tendaji ilikutana kama ratiba ilivyotaka, isipokuwa Aprili, ambapo mvua zilifunga barabara na tukaahirisha. Tuliwazika wenzetu watatu, Mungu awalaze mahali pema, na rambirambi zilifika kwa wakati. Tulipokea wanachama wapya sita. Mihadhara ilikuwa miwili. Safari ya Bagamoyo haikufanyika. Kumbukumbu za yote haya ziko kwa katibu na anayetaka kuzisoma asome.

Kuhusu fedha: tulianza mwaka na akiba ya shilingi 1,120,000. Ada zilizolipwa ni 4,980,000, michango maalumu ya hafla ya Novemba ni 2,350,000, jumla mapato 7,330,000. Matumizi: ukumbi na chai ya mikutano 1,400,000, hafla 3,900,000, shajala na mawasiliano 780,000, rambirambi 900,000, jumla 6,980,000. Tumefunga mwaka na 1,470,000. Mkaguzi wa ndani amepitia vitabu na kutia saini.

Sasa nizungumze kinachoniuma. Daftari lina wanachama 212. Waliolipa ada ni 83. Waliobaki 129 wanadaiwa 7,740,000, na hiyo ni ya mwaka huu peke yake, sijagusa malimbikizo. Tunazungumzia shilingi elfu sitini kwa mwaka. Humu ndani mna watu waliowakilisha nchi hii Addis Ababa, Geneva na New York, waliowahi kudai malimbikizo ya michango kutoka nchi wanachama wa mashirika kwa barua kali kabisa zenye nambari ya kumbukumbu. Leo barua ya mweka hazina ikiwafikia wao, simu haipokelewi.

Mahudhurio nayo yamekuwa aibu. Mkutano mkuu wa Machi ulihitaji akidi ya watu 71, walifika 41. Tulikaa, tukanywa chai, tukangoja, tukaahirisha. Wiki mbili baadaye walikuja 38, na kwa kifungu ambacho sisi wenyewe tulikitia kwenye katiba, mkutano wa pili waliopo ndio akidi. Nawaomba mkumbuke namba hiyo ya 38, kwa maana ndio waliopitisha uamuzi ambao umezua maneno mwaka mzima. Waliopiga kelele nyingi kwenye kundi letu la WhatsApp nimewatafuta kwenye orodha ya mahudhurio ya siku ile. Sikuwaona.

Uamuzi wenyewe ulikuwa kwamba hafla yetu ya mwaka imuenzi marehemu Balozi Jayantha Dhanapala wa Sri Lanka, aliyefariki Mei 2023, kwa kazi yake ya kuzuia kuenea kwa silaha za nyuklia. Pingamizi nilizozipokea ni tatu na nitazijibu zote, kwa sababu naona kimya changu kimetafsiriwa vibaya.

Pingamizi la kwanza: kwa nini mgeni? Jina la Dk. Salim Ahmed Salim lilitajwa, na hakuna mtu mwenye akili timamu atakayebisha kuhusu Dk. Salim. Mkataba wa Pelindaba, unaoifanya Afrika kuwa eneo lisilo na silaha za nyuklia, ulifunguliwa kwa saini Cairo Aprili 1996 yeye akiwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU). Lakini mkutano ulichagua mada kwanza, kisha mtu. Mada ilikuwa ule mkataba mkubwa wa dunia wa kuzuia kuenea kwa silaha za nyuklia (NPT), na mtu aliyekalia kiti cha rais wa mkutano wake wa 1995, siku ulipokuwa karibu kupasuka, ni Dhanapala. Wala si mgeni kama inavyosemwa. Mei 1984 Mwalimu Nyerere alikuwa mmoja wa viongozi sita, pamoja na Indira Gandhi, Olof Palme, Raúl Alfonsín, Miguel de la Madrid na Andreas Papandreou, waliozitaka dola zenye silaha hizi zisimamishe mashindano. Mwaka huohuo Dhanapala alianza kazi Geneva kama balozi wa nchi yake. Ni kambi moja, nchi zisizofungamana na upande wowote, hoja moja.

Mwanachama mmoja aliuliza nyuklia inatuhusu nini sisi. Nimjibu kwa ufupi. Urani ya bomu lililopigwa Hiroshima kwa sehemu kubwa ilitoka mgodi wa Shinkolobwe, Katanga, Kongo, kwa jirani zetu wanaozungumza lugha hii hii. Urani ipo pia hapa kwetu, Mto Mkuju, Namtumbo. Na Burundi ndiyo nchi ya 28 iliyoridhia, mwaka 2009, idadi iliyotakiwa ikatimia na Pelindaba ikaanza kutumika. Nadhani inatosha.

Pingamizi la pili ndilo zito, na nalipa nafasi kwa kuwa lilitolewa na mzee wetu mmoja ninayemheshimu. Alisema: huyu Dhanapala ndiye aliyewapa wakubwa walichotaka. NPT ulianza kutumika mwaka 1970 kwa muda wa miaka 25. Mwaka 1995 ilibidi nchi wanachama ziamue: uendelee milele, au kwa muda maalumu? Muda ulikuwa ndio fimbo pekee tuliyokuwa nayo tusio na mabomu. Dola tano zenye mabomu kwa mujibu wa mkataba, yaani Marekani, Urusi, Uingereza, Ufaransa na China, ziliahidi katika ibara ya sita kujadiliana kwa nia njema kuyaondoa yao. Ukiwapa umilele, mzee anasema, utawadai kwa kutumia nini?

Kwa wale wasiokumbuka, mkutano ulifanyika New York kuanzia tarehe 17 Aprili hadi 12 Mei 1995, nchi 175 zikishiriki. Canada ilileta pendekezo la umilele likiwa na saini zaidi ya mia moja. Indonesia na wenzake walitaka vipindi vya miaka 25 vinavyohuishwa. Mexico ilikuwa na lake. Wenzetu wasiofungamana walikuwa wamekutana Bandung mwezi huo wa Aprili na kutoka bila msimamo mmoja. Kwa hiyo, mzee wangu, fimbo ilikwisha kuvunjika kabla Dhanapala hajaishika. Kura ikipigwa wakubwa walikuwa wanashinda. Mkataba wenyewe ulidai wingi tu wa kura. Kilichobaki ni kama wangeshinda bure au wangelipa.

Dhanapala aliwaita watu wachache kutoka kila upande kwenye mashauriano ya rais wa mkutano, waliokubali na waliokataa wakikaa meza moja. Afrika Kusini, iliyokuwa imeyavunja mabomu yake sita na kujiunga na mkataba mwaka 1991, mwaka uleule tuliojiunga sisi, ilileta wazo la misingi na malengo ambayo kila nchi itapimwa nayo. Misri na nchi za Kiarabu zilikataa katakata kuondoka bila azimio kuhusu Mashariki ya Kati, kwa sababu Israel iko nje ya mkataba. Azimio lilipatikana, tena likadhaminiwa na Marekani, Uingereza na Urusi zenyewe. Pamoja nalo zikaja ahadi ya kukamilisha mkataba wa kupiga marufuku majaribio ya nyuklia ifikapo 1996 na mapitio makali zaidi kila miaka mitano.

Na sasa angalieni ufundi wa mtu huyu. Tarehe 11 Mei, maamuzi yalipopitishwa bila kura, andiko la kuongeza muda halikusema kwamba nchi zote zimekubali. Lilisema kwamba kwa kuwa wapo walio wengi wanaotaka mkataba uendelee bila kikomo, basi utaendelea. Aliyepinga hakulazimishwa kusema ndiyo. Alitambua tu hesabu. Nyundo ikagongwa, ndipo wenye kinyongo wakasimama kueleza kinyongo chao, ikaandikwa, wakaketi. Sisi tuliofanya kazi hii tunajua usiku ngapi hupotea kutafuta sentensi kama ile. Iliandaliwa na raia wa nchi ndogo ya kisiwa, isiyo na bomu wala kura ya turufu, iliyokuwa na vita vyake nyumbani.

Sitaki kuonekana ninamtakasa. Siku tatu baada ya mkutano kufungwa China ililipua bomu la majaribio. Septemba Ufaransa ikaanza yake kule Mururoa. Mkutano huohuo ulishindwa kukubaliana taarifa ya mwisho ya mapitio. Mikutano ya mapitio ya 2005, 2015 na 2022 ilivunjika bila makubaliano, na Mashariki ya Kati kila mtu anaiona. Mzee wetu ana haki kwamba deni halijalipwa. Ila mdaiwa asipolipa hatumlaumu aliyeandika hati ya deni, na Dhanapala mwenyewe aliendelea kudai: alishika Idara ya Upokonyaji Silaha ya Umoja wa Mataifa kuanzia 1998 hadi 2003, aliongoza kikundi maalumu kilichoingia kukagua majumba manane ya rais wa Iraq mwaka 1998 wakati hakuna aliyetaka kazi ile, na baadaye akawa rais wa Pugwash, jumuiya ya wanasayansi wanaopinga silaha za nyuklia, kwa miaka kumi. Mwaka 2006 aligombea Ukatibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, akajitoa kabla ya mwisho. Sisi tuliokesha mwaka 1981 tukifuatilia kura za Dk. Salim kwa kiti hichohicho tunajua mlango ule unavyofungwa.

Imesemwa pia kwamba nilimsukuma kwa kuwa tasnifu yangu ya shahada ya pili ilihusu mkutano wa 1995. Ni kweli niliiandika, na sioni kosa la mwenyekiti kulijua jambo analolisimamia. Hotuba ya jioni ile niliiandaa mwenyewe, bila posho, na waliokuwepo wameniomba nakala.

Pingamizi la tatu ni gharama. Kati ya 3,900,000, michango ya hiari ilikuwa 2,350,000, kwa hiyo mfuko wa chama ulitoa 1,550,000 tu. Pilau haikuzidi. Kilichozidi ni viti vitupu, maana waliothibitisha kuja walikuwa wengi kuliko waliokuja, na mpishi hupika kwa waliothibitisha. Ngao ya mninga ililetwa mchana wa siku yenyewe, jina la balozi likiwa na herufi L mbili. Fundi alikaa nyuma ya ukumbi na patasi na nta akiifuta ya pili huku wageni wakiingia. Ukiitazama kwa karibu utaona pengo. Tumeandika kwa wahusika ili iifikie familia Sri Lanka na bado hatujajibiwa. Kwa sasa iko kwa mweka hazina.

Niongeze kwamba mwezi mmoja kabla ya hafla yetu Kamati ya Nobel iliwatuza Nihon Hidankyo, chama cha manusura wa mabomu ya Hiroshima na Nagasaki. Waliokuwa wanasema mada yetu imepitwa na wakati, wiki ile walinyamaza.

Kuhusu mbele: 2025 ni miaka 30 tangu maamuzi ya New York na 80 tangu Hiroshima, na 2026 nchi wanachama zinakutana tena kwa mapitio. Tunatarajia, hali ikiruhusu, kuandaa mdahalo na vijana wa vyuo. Tunatarajia kufufua safari ya Bagamoyo. Kuna wazo la kijarida. Kamati inaangalia uwezekano wa ofisi ya kudumu, au angalau kabati la kufunga kwa ufunguo.

Mkutano mkuu ni Jumamosi ya mwisho ya Machi, saa nne kamili asubuhi. Jina la atakayeenziwa 2025 litaamuliwa siku hiyo na watakaokuwepo. Mwenye jina aje nalo, na mweka hazina atakuwa mlangoni na kitabu cha stakabadhi.

Mwenyekiti
Dar es Salaam